Nimeambiwa nimeshinda tuzo ya kimataifa ya mawimbi ya redio. Nilipe dola 480?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhadhiri msaidizi wa uhandisi wa mawasiliano katika chuo kimoja Nyanda za Juu Kusini, Tanzania. Nina miaka 31. Mwaka jana nilichapisha makala kwenye jarida dogo kuhusu jinsi mvua za masika zinavyopunguza nguvu ya mawimbi kwenye njia ya maikrowevu ya gigahezi 23 kati ya minara miwili. Wiki iliyopita nimepata barua pepe ya kunipongeza: nimechaguliwa kupokea tuzo ya kimataifa ya sumakuumeme, na sherehe itafanyika Dubai. Natakiwa kulipa dola 480 za 'uchakataji' ndani ya siku saba. Tovuti yao ina picha za wanasayansi wa Kimarekani, wakiwemo Penzias na Wilson wa Nobel. Mkuu wangu wa idara anasema itanisaidia kupanda cheo. Mwenzangu mmoja anadai tuzo zote za fani yetu ni za serikali ya Marekani, eti lazima uwe na mtu kule, na kwamba Nobel haitolewi kwa mambo ya redio. Naomba ukweli. Nilipe?"

Marahaba, ndugu yangu. Usilipe. Nimeanza na hilo kwa sababu wamekupa siku saba na sijui umebakiwa na ngapi. Mengine tuyazungumze taratibu, maana ndani ya barua yako kuna maswali matatu na yote yana uzito.

Najua hili si swali la pesa tu. Umefanya kazi ya kweli, umenyeshewa ukiangalia vipimo juu ya mnara, makala ikatoka na hakuna aliyesema neno. Kisha mtu wa mbali anakuandikia kwamba ameisoma na ameipenda. Waandishi wa barua hizo wanaijua njaa hiyo vizuri, na ndiyo maana huwaandikia zaidi vijana waliochapisha makala moja au mbili.

Tuone kwanza tuzo za kweli za fani yetu zinavyotoka, ndipo utaona barua yako imekosea wapi.

Chombo kikuu cha kimataifa cha sayansi ya redio ni URSI. Kilianzishwa Brussels mwaka 1919, na hadi leo ofisi yake iko Ubelgiji, katika mji wa Ghent. Kwa hiyo mwenzako amekosea: si cha serikali ya Marekani wala ya nchi nyingine yoyote. Kila miaka mitatu wanafanya mkutano mkuu. Mwaka 2017 ulikuwa Montreal, ule wa Rome uliokuwa ufanyike 2020 ukasogezwa hadi 2021 kwa ajili ya korona, na 2023 ukawa Sapporo, Japani. Medali hutolewa hapo, mbele ya watu wa fani. Zimepewa majina ya wakubwa wa kazi hii: Balthasar van der Pol, Mholanzi, ambaye medali yake ilianzishwa na mjane wake; Issac Koga, Mjapani; Karl Rawer, Mjerumani aliyefariki 2018 akiwa na miaka 104; na John Howard Dellinger, Mmarekani.

Huyu Dellinger mfahamu, kwa sababu kazi yake ni ya namna ya kwako. Alikuwa mkuu wa masuala ya redio katika ofisi ya taifa ya vipimo na viwango ya Marekani. Mwaka 1935 alionyesha kwamba ile hali ya redio za masafa mafupi kuzimika ghafla upande wa dunia wenye mchana, kisha kurudi zenyewe, inahusiana na milipuko kwenye uso wa jua. Mlipuko unatoa miali ya eksirei, miali hiyo inaongeza elektroni kwenye tabaka la chini la ayonosfia, yaani hewa ya juu yenye chembe za umeme, na tabaka hilo linameza mawimbi badala ya kuyaacha yapite yakarudishwe na matabaka ya juu. Mabaharia na waendesha redio walikuwa wakilaumu mitambo yao. Yeye alikusanya taarifa za kuzimika, akaziweka sambamba na taarifa za wachunguzi wa jua, na saa zikalingana.

Medali hizi hazina ada ya uchakataji. Huchaguliwi kwa barua ya ghafla, na kwa kawaida hujipendekezi. Tangazo hutolewa mapema, mtu anayeijua kazi yako anaandika pendekezo, wengine wanaliunga mkono kwa barua, na jopo linapima. Pendekezo linatakiwa kutaja kazi yenyewe: huyu alipima nini, aligundua nini, nani amekitumia baada yake. IEEE, chama kikubwa cha wahandisi chenye makao Marekani na wanachama duniani kote, nacho kinafuata utaratibu huohuo kwenye medali zake kubwa. Medali yake ya heshima ilianza 1917 na wa kwanza kuipata alikuwa Edwin Armstrong, yule wa FM.

Sasa Nobel. Mwenzako amekosea na hapo pia. Ni kweli hakuna Nobel iliyoandikwa jina la redio, lakini ile ya fizikia imekwenda kwa watu wa redio mara nyingi: Marconi na Braun mwaka 1909, Appleton 1947 kwa ayonosfia, Ryle na Hewish 1974, kisha Wamarekani Penzias na Wilson 1978, na Hulse na Taylor 1993. Hao Penzias na Wilson ndio wale ambao matapeli wako wamebandika picha zao. Ngoja nikueleze walichofanya, kwa sababu naona hata walioziweka picha hizo hawakijui.

Arno Penzias na Robert Wilson walifanya kazi kwenye maabara za Bell, Holmdel, jimbo la New Jersey. Walikuwa na antena yenye umbo la pembe kubwa kama baragumu, mdomo wake upana wa kama mita 6, iliyojengwa kwa ajili ya majaribio ya setilaiti ya puto iliyoitwa Echo. Setilaiti zilipopata njia nyingine, wao wakaitaka antena ile kwa astronomia ya redio. Uzuri wa umbo lile ni kwamba halipokei takataka nyingi kutoka ardhini, kwa hiyo unaweza kujua kwa uhakika ni kelele kiasi gani inatoka mbinguni.

Kelele hiyo hupimwa kwa kelvini, kipimo cha joto, wewe unajua. Kila kitu chenye joto hutoa mawimbi, basi nguvu inayopokelewa tunaitaja kama vile antena imetazamana na kitu chenye joto fulani. Ili kuwa na kitu cha kulinganisha, wao walitumia heliamu ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye kelvini 4.2 hivi. Swichi inageuka: sasa anga, sasa heliamu, sasa anga.

Walipoielekeza antena juu kabisa, kwenye megahezi 4080, walipata kelvini 6.7. Hewa ya dunia yenyewe ilichangia 2.3. Upotevu ndani ya chuma cha antena pamoja na kidogo kinachoingia kutoka ardhini, 0.9. Toa zote hizo. Zinabaki 3.5 ambazo hazina mwenyewe.

Hapa ndipo mhandisi wa kawaida angeandika "hitilafu ya mitambo" akaenda nyumbani. Wao walitafuta. Wakaelekeza antena upande wa jiji la New York, hamna kitu. Wakangoja majira yabadilike, kelele ikabaki vilevile, usiku na mchana. Njiwa wawili walikuwa wameweka kiota ndani ya pembe na kuipaka kinyesi. Wakakamatwa na kupelekwa mbali, nao wakarudi, maana ndiyo kazi ya njiwa. Mwishowe waliuawa, antena ikasafishwa, maungio ya mabati yakazibwa kwa utepe wa alumini. Kelele haikupungua kitu cha maana.

Wakati huohuo, huko Princeton, jimbo hilohilo, Robert Dicke na wenzake walikuwa wakitengeneza kifaa cha kutafuta masalia ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Pande mbili zilipozungumza kwa simu, kitendawili kikateguka: kelele ile ndiyo yalikuwa masalia hayo. Mwaka 1965 makala mbili zilitoka pamoja. Ile ya Penzias na Wilson ni fupi mno, na kichwa chake kinataja kipimo cha joto la ziada la antena kwenye megahezi 4080, basi. Neno "ulimwengu" halimo kwenye kichwa hicho. Nobel ilikuja miaka 13 baadaye, wakaigawana nusu, nusu nyingine ikaenda kwa Pyotr Kapitsa wa Urusi kwa kazi zake za baridi kali, ambazo heliamu ya kimiminika ni sehemu yake kubwa. Na James Peebles, aliyefanya hesabu za upande wa Princeton, alipewa yake mwaka 2019. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi.

Rudi sasa kwenye barua yako pepe. Je, imetaja umepata nini kwenye ile njia ya gigahezi 23? Nguvu ilipungua desibeli ngapi, kwa mvua ya kiasi gani? Nakisia imesema tu "mchango wako uliotukuka" na kunakili kichwa cha makala yako. Jopo la kweli haliwezi kukutunuku bila kusema limekutunuku kwa lipi.

Kuna jambo la haki ambalo sitaki kulificha. Si kila anayeuza tuzo ni mwizi kwa maana ya polisi. Wengine ukilipa wanakuletea kweli kigae cha kioo chenye jina lako, ukumbi upo, chakula kipo, na utapigwa picha ukiwa na suti. Wengine wanachukua fedha na kutoweka, au wanaomba namba za kadi ya benki na kuendelea kukata. Kwa barua moja siwezi kukuambia wako ni wa kundi gani. Lakini hata wale wa kundi la kwanza wanakuuzia kitu ambacho mtu wa fani akikisoma kwenye wasifu wako atakutilia shaka, na shaka hiyo itagusa hadi makala yako ambayo ni halali. Hiyo ndiyo hasara ninayoiogopa kuliko hizo dola.

Usije pia ukachanganya hili na ada za mikutano. Mkutano halali wa kitaaluma hutoza ada ya usajili, tena wakati mwingine kubwa, na kulipa kwenda kusoma makala yako si kosa. Tofauti ni kwamba pale unalipia kushiriki baada ya makala kupimwa na wataalamu. Hulipii ushindi.

Swali lako la tatu, lile dai la mwenzako kwamba lazima uwe na mtu Marekani, lina ukweli ndani yake. Majina ya Wamarekani ni mengi mno. Sababu kubwa ni maabara na fedha. Bell ilikuwa kampuni ya simu iliyowalipa watu kutafuta chanzo cha kelele kwenye laini. Ndivyo Karl Jansky, kijana wa Oklahoma, alivyotumwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 kuchunguza kinachokwaruza simu za redio za kuvuka Atlantiki. Alijenga antena ndefu ya mbao na mabomba, akaiweka juu ya magurudumu ya gari la Ford, ikawa inazunguka mara moja kila dakika 20. Akatenga kelele za radi za karibu, radi za mbali, na mchirizi mmoja mwembamba wa kelele usiokoma. Mchirizi huo ulifika kileleni kila baada ya saa 23 na dakika 56. Kama jua ndilo lingekuwa chanzo, ingekuwa saa 24 kamili. Zile dakika 4 zilimwambia kwamba chanzo kinafuata mzunguko wa nyota, si wa jua. Kilikuwa katikati ya galaksi yetu. Alitangaza mwaka 1933.

Na alipata tuzo gani? Hakupata Nobel. Aliomba aendelee na utafiti huo, kampuni ikampa kazi nyingine, akafariki 1950 akiwa na miaka 44, na Nobel haitolewi kwa marehemu. Mwaka 1973 wanaastronomia wa dunia waliamua kipimo cha nguvu ya mawimbi kutoka angani kiitwe jansky. Ni wati moja kwa mita mraba kwa hezi, igawanye kwa 1 inayofuatwa na sifuri 26. Kila darubini ya redio duniani leo inaandika jina lake kila siku, na hakuna sherehe iliyofanyika Dubai.

Sababu nyingine ni mnyororo wa walimu na wanafunzi. Henry Booker alizaliwa Uingereza, akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Cornell, mwaka 1948. URSI ina medali yenye jina lake. Pale akamfundisha William Gordon, na mwaka 1950 wakachapisha pamoja nadharia ya jinsi mawimbi yanavyotawanywa na hewa ya chini. Gordon ndiye aliyebuni darubini ya Arecibo, Puerto Rico, bakuli la mita 305 lililofunguliwa 1963 ili kuchunguza elektroni za ayonosfia. Yeye akapata medali ya van der Pol mwaka 1966. Miaka minane baadaye, mwanafunzi Russell Hulse na mwalimu wake Joseph Taylor wakaitumia Arecibo kupata nyota mbili zinazozungukana zilizowapa Nobel ya 1993. Unaona jinsi mtu mmoja anavyomfungulia mwingine njia. Kwa hiyo mwenzako anaposema lazima uwe na mtu, nusu ya maneno yake ni sahihi: lazima wawepo watu wanaoijua kazi yako kiasi cha kuiandikia barua. Sisi Afrika Mashariki hatuna wengi wa hao bado, na hilo ni upungufu wa mfumo ambao sitauremba. Lakini paspoti haiulizwi. Penzias mwenyewe alizaliwa Munich, akatoroshwa Ujerumani ya Wanazi akiwa mtoto. Peebles ni mzaliwa wa Kanada.

Ufanye nini basi? Barua ile usiijibu hata kwa kukataa, maana jibu lolote linawaambia anwani yako iko hai. Mkuu wako wa idara mwoneshe ukurasa wao ana kwa ana, kwa heshima, na mwombe mtafute pamoja orodha ya jopo: majina, vyuo, miaka ya nyuma nani alitunukiwa na kwa kazi gani. Majina yakikosekana, au yakiwepo ya watu ambao kurasa za vyuo vyao haziitaji tuzo hiyo popote, atajionea mwenyewe. Kisha nendeni kurugenzi ya utafiti ya chuo muulize tuzo zipi zinahesabika kwenye kupanda cheo. Hilo liamuliwe na wao kwa maandishi, nisije mimi nikakupotosha kutoka mbali.

Kama ulishalipa, au uliwapa namba za kadi, acha kusoma hapa uende benki leo hii, tawini, uzuie kadi na uulize kama muamala unaweza kupingwa. Beba barua pepe zote zikiwa zimechapwa. Baada ya hapo nenda polisi ukaandikishe taarifa. Hata fedha zisiporudi, benki inaweza kuihitaji.

Na kwa kuwa una miaka 31, kuna mlango halali ulio wazi kwako. URSI ina tuzo ya wanasayansi vijana, kwa walio chini ya miaka 35, na hii unaomba mwenyewe kwa kutuma makala ambayo wewe ni mwandishi wake wa kwanza. Ukichaguliwa, ada ya usajili unasamehewa na malazi unasaidiwa. Nauli usiihesabu mpaka uione imeandikwa kwenye tangazo. Fani zao zimegawanywa katika tume kumi, kuanzia A hadi K, waliiruka I. Yako ni F, ya usafiri wa mawimbi. Ushindani ni mkubwa, na wengi wanaomba mara ya kwanza wakakosa.

Ila kabla ya kutuma, kuna kitu kwenye makala yako nimekiona. Umehesabu upungufu wote wa nguvu kuwa umetokana na mvua iliyo njiani kati ya minara. Maji yanayotanda juu ya kifuniko cha antena yenyewe nayo yanameza mawimbi, na kwenye gigahezi 23 yanaweza kula desibeli kadhaa. Kwenye grafu yako ya Aprili nguvu hairudi mara mvua inapokatika. Inachelewa, na mimi nadhani ni kifuniko kinachokauka polepole. Chagua siku ya jua, panda na ndoo ya maji na chupa ya kunyunyizia, lowesha kifuniko cha upande mmoja halafu cha pande zote mbili, uone nguvu inashuka kiasi gani. Kiasi hicho kitoe kwenye hesabu, halafu nitumie jedwali jipya.